Njaa Isiyo ya Mkate: Manabii na Matunda ya Kumkataa Mungu



Kuna mafundisho yanayoenea katika miji na vijiji vyetu, nasi tumeona kwamba kuyanyamazia ni kuyaunga mkono. Yanasikika usiku katika vipaza sauti, yanapita katika redio na katika video zinazotumwa kutoka simu hadi simu. Wakati mwingine, ni lazima tukiri, yanasikika hata vinywani mwa Wakatoliki waliotoka sasa hivi kwenye Misa. Yanasema hivi: nchi hii imemkataa Mungu, kwa hiyo Mungu ameipiga kwa vita, kwa volkano na kwa magonjwa, manabii wa Biblia waliyatabiri hayo yote, basi anayetaka kuepuka pigo aje kwenye mkesha, atoe sadaka nono, awekewe mikono, naye atafunikwa.

Tunayapinga mafundisho hayo. Hatusemi kwamba manabii hawakunena juu ya hukumu. Walinena, tena kwa ukali ambao wahubiri wengi wa leo hawauthubutu. Tunayapinga kwa sababu yanawanyoshea kidole wasio wenyewe, yanaficha madhara ya kweli ya kumkataa Mungu, kisha yanauza dawa ambayo manabii hawakuijua kamwe. Tufungue basi vitabu vya Amosi, Hosea, Yeremia na Ezekieli, tuone wanafundisha nini.

Waliomkataa Mungu walikuwa wanasali

Mtu akisikia kwamba taifa limemkataa Mungu, hudhani kwamba watu wamefunga makanisa na kuacha sala. Amosi hakukuta hali hiyo. Yeye alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, katika nchi ya Yuda, akatumwa kaskazini katika karne ya 8 kabla ya Kristu, siku za mfalme Yeroboamu wa Pili. Huko Betheli alikuta patakatifu pamejaa watu. Sikukuu zilifuatana, sadaka zilifuka moshi, vinubi vililia, waimbaji walipaza sauti. Mbele ya ibada hiyo nzuri ndipo alipotangaza kwamba Mungu amechoshwa na sikukuu zile, wala hazisikilizi nyimbo zile, kwa kuwa haki haikupata njia ya kupita katika nchi (Am 5,21-24).

Nani basi alikuwa amemkataa Mungu? Amosi anatuonyesha wafanyabiashara walioishika sabato kwa mwili huku mioyo yao ikihesabu saa. Walingoja siku takatifu iishe ili wafungue maghala, wapunguze kipimo, wachezee mizani, na kumuuzia maskini hata makapi ya ngano (Am 8,4-6). Na kuhani wa Betheli, Amazia, alipoyasikia hayo, hakuuliza kama ni kweli. Alimfukuza nabii, akidai kwamba mahali pale ni pa mfalme (Am 7,10-13). Nyumba ya Mungu ilikuwa imegeuka nyumba ya mwenye mamlaka, na kuhani hakuona ajabu.

Yeremia alikuta hali hiyohiyo Yerusalemu. Alisimama mlangoni pa hekalu, akawaambia waliokuwa wakiingia kusali kwamba jina la hekalu wanalolirudiarudia halitawaokoa, maadamu wanamwonea mgeni, yatima na mjane (Yer 7,1-11). Mfalme Yehoyakimu alikuwa akijijengea jumba la fahari kwa jasho la watu asiowalipa ujira. Nabii alimkumbusha baba yake, Yosia, aliyetetea neno la maskini na mhitaji, akaongeza jambo ambalo kila kijana Mkristu angepaswa kulihifadhi moyoni: kufanya hivyo ndiko kumjua Mungu (Yer 22,13-17).

Hiyo ndiyo maana tunayopewa na manabii. Kama kumjua Mungu ni kutetea haki ya mnyonge, basi kumkataa Mungu ni kuikanyaga, hata kama anayeikanyaga anaimba kwaya na kuvaa sare ya chama cha kitume. Anayenunua pointi za mtihani kwa pesa au kwa mwili, anayemtesa mtoto kwa kumwita mchawi, anayeshika rozari kwa mkono mmoja na kupokea matabishi kwa mkono wa pili, huyo hahitaji kutangaza kwamba hamwamini Mungu. Amekwisha kumkataa.

Matunda yanayoota ndani

Wahubiri tunaowapinga hutafuta matunda ya kumkataa Mungu mawinguni na milimani. Manabii waliyatafuta kwanza ndani ya mtu.

Tunda la kwanza ni utupu. Yeremia anaeleza kwamba wazee wa Israeli waliyafuata yasiyofaa kitu, nao wenyewe wakawa watu wasiofaa kitu (Yer 2,5). Hosea naye anasema kwamba walifanana na chukizo walilolipenda (Hos 9,10). Sheria hii ya roho haina upendeleo: mtu hufanana na kile anachokiabudu. Anayeabudu pesa hatimaye huwapima watu wote kwa bei, hata mchumba wake, hata mama yake, hata nafsi yake. Anayeabudu nguvu hawezi tena kuona ndugu. Huona mtumishi au adui. Yeremia anatoa mfano wa watu waliokuwa na chemchemi ya maji hai mbele yao, wakaiacha, wakaenda kuchimba visima vya mawe vilivyopasuka, visivyoweza kuhifadhi maji (Yer 2,13). Wajua wenyewe, vijana, taabu ya kwenda kuteka maji mbali. Mfikirie basi mtu anayeacha chemchemi iliyo mlangoni pake, akahangaika kutwa nzima kwenye shimo linalovuja. Hakuna aliyempiga. Kiu yake ndiyo adhabu yake, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Tunda la pili ni uziwi. Siku moja ya baridi mfalme Yehoyakimu aliketi mbele ya makaa ya moto, akasomewa kitabu chenye maneno ya Yeremia. Kila msomaji alipomaliza safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka kitabu chote kikateketea. Maandiko yanasema kwamba mfalme na watumishi wake waliosikia maneno hayo hawakuogopa (Yer 36,22-24). Hapo ndipo penye msiba. Hakupigwa na radi; aliendelea kuota moto wake. Alikuwa amefika mahali ambapo neno la Mungu linaweza kuungua mbele ya macho ya mtu na moyo wake usishituke. Neno lenyewe halikupotea, kwa maana Yeremia na Baruku waliliandika upya na kuliongeza. Aliyepotea ni msikilizaji.

Tunda la tatu ni lile lililotupa kichwa cha maneno haya. Amosi alitabiri njaa ya namna nyingine, isiyo ya mkate wala kiu ya maji: njaa ya kusikia neno la Bwana. Alisema watu watatangatanga kutoka bahari hadi bahari wakilitafuta, wasilione (Am 8,11-12). Tuangalie sana. Njaa hiyo haimaanishi ukimya. Nchi inaweza kujaa mahubiri, kila kona ikawa na kipaza sauti, na njaa ikazidi. Mtu hukimbia kutoka mkesha mmoja hadi mwingine, kutoka nabii mmoja hadi mwingine, akitafuta atakayemwambia analotaka kusikia. Anashiba kelele, anakonda roho. Tukiwaona vijana wenzetu wakizunguka hivyo, tusiwacheke. Tutambue njaa iliyotabiriwa, tujiulize pia kama sisi tumewapa mkate.

Tunda la nne ndilo la kutisha kuliko yote. Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli, alionyeshwa katika maono mambo yaliyotendeka hekaluni Yerusalemu. Aliona wazee 70 gizani, kila mmoja na chetezo mkononi, wakifukizia sanamu uvumba na kujiambia kwamba Bwana hawaoni (Ez 8,11-12). Kisha akauona utukufu wa Mungu ukiondoka. Haukuondoka kwa haraka. Ulisogea hadi kizingitini, ukasogea hadi lango la mashariki, ukasimama juu ya mlima ulio mashariki ya mji (Ez 10-11), kama mtu anayeondoka nyumbani kwake huku akigeuka nyuma, akitumaini kuitwa arudi. Wakati huo hekalu lilikuwa bado limesimama. Makuhani walikuwa kazini, sadaka zilitolewa. Ilipita miaka kadhaa kabla Wababeli hawajaliteketeza, yapata mwaka 587 kabla ya Kristu. Moto wao ulikuta nyumba iliyokwisha kubaki tupu.

Katekismu ya Kanisa Katoliki inafundisha jambo hilohilo inapoeleza jehanamu: ni hali ya mtu kujitenga mwenyewe, moja kwa moja, na ushirika wa Mungu na watakatifu (namba 1033). Mungu hamfukuzi mtu kwa hasira. Humheshimu hata anapokataliwa, na heshima hiyo ndiyo inayotisha.

Je, misiba yetu si adhabu?

Hapa tutaulizwa swali, nalo ni la haki. Je, manabii hawakusema wazi kwamba kuanguka kwa Samaria na kwa Yerusalemu kulikuwa hukumu ya Mungu? Walisema. Hatutaki kulainisha maneno yao. Lakini tutazame jinsi walivyosema.

Waliitaja dhambi kwa jina lake, wakamtaja na mwenye dhambi. Yerusalemu ulipozingirwa, mfalme Sedekia na wakubwa walifanya agano la kuwaachilia huru watumwa wao Waebrania. Jeshi la Babeli lilipoondoka kwa muda, wakubwa walewale waliwakamata tena watu waliowaachilia. Yeremia alitangaza hukumu juu yao, si juu ya watumwa (Yer 34,8-22). Lakini mahubiri tunayoyapinga hufanya kinyume. Humwambia mama aliyehama makwao kwa vita, anayelala chini ya hema la plastiki na watoto wake, kwamba yanayompata ni malipo ya dhambi. Mwenye bunduki hatajwi. Anayenunua madini yaliyolowa damu hatajwi. Kiongozi anayekula mshahara wa askari hatajwi. Unabii gani huu unaowaogopa wenye nguvu na kuwashambulia waliokwisha kuanguka?

Tena Ezekieli amekwisha kulijibu jambo hili. Wenyeji waliobaki Yerusalemu walisema juu ya ndugu zao waliochukuliwa mateka kwamba wale wako mbali na Bwana, na nchi sasa ni mali ya waliobaki. Mungu akawajibu kwamba yeye mwenyewe amekuwa patakatifu kwa hao waliotawanywa, huko huko walikokwenda (Ez 11,15-16). Utukufu ulioondoka hekaluni ulionekana Babeli, kando ya mto, kati ya watu waliohamishwa. Anayetaka kumtafuta Mungu aliyeondoka kwa wadhalimu, basi aanzie kambini.

Ni kweli kwamba dhambi ya mmoja huwaumiza wengi. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Hosea alisema hata ardhi huomboleza, na wanyama, ndege na samaki hutoweka pale ambapo uaminifu, upendo na kumjua Mungu vimekosekana (Hos 4,1-3). Lakini kuumizwa na dhambi ya mwingine si sawa na kuadhibiwa kwa dhambi yako. Ezekieli anakataza kabisa kumhesabia mtoto hatia ya baba (Ez 18).

Na volkano? Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma. Iliteketeza maduka na nyumba, ikateketeza hata kanisa kuu la jimbo. Haikuuliza nani anasali na nani hasali. Watu walipomletea Yezu habari za mauaji ya Wagalilaya, yeye mwenyewe alikumbusha juu ya wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Kisha akawageukia walio hai, akawataka watubu (Lk 13,1-5). Huo ndio utaratibu wa Injili: msiba wa jirani hunifanya nichunguze dhamiri yangu, haunipi ruhusa ya kuchunguza yake.

Hanania hajafa

Siku za Yeremia alikuwako nabii mwingine, Hanania wa Gibeoni. Yeye naye alinena kwa jina la Bwana, tena ndani ya hekalu, mbele ya makuhani na watu wote. Aliahidi kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, na bila shaka wengi walifurahi. Yeremia hakumtukana. Alijibu Amina, akatamani iwe hivyo; kisha akamkumbusha kwamba nabii wa amani hujulikana pale neno lake linapotimia (Yer 28). Halikutimia. Miaka miwili ilipita, na baadaye mji ukaanguka.

Tumsikilize vizuri Hanania, kwa kuwa sauti yake ingalipo. Aliahidi tarehe. Hakutaja dhambi hata moja. Hakumdai mtu yeyote abadilike. Leo anaahidi viza kabla ya Noeli, mume kabla ya mwaka kwisha, gari kwa anayepanda mbegu ya dola mia. Yeremia yeye aliwaandikia mateka wa Babeli barua ngumu: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wautafutie amani mji waliohamishiwa, kwa maana safari ni ndefu (Yer 29,4-7). Hiyo haikuwa habari ya kupigiwa makofi. Lakini waliofuata ushauri wa barua ile walidumu, nao ndio waliotupokeza Maandiko tunayosoma.

Kwa hiyo tunawapa kipimo chepesi. Mkisikia mahubiri ya hukumu, ulizeni: je, yametaja dhambi ya aliye na nguvu? Mkisikia mahubiri ya baraka, ulizeni: je, yamenitaka nibadilike? Na kama hukumu ni ya wengine na baraka ni ya kununua, ondokeni.

Mchele mbovu na mwenye heri wa Goma

Mtu atasema: haya ni mambo ya zamani za Betheli na Yerusalemu. Sisi tunajibu kwamba makapi ya ngano aliyoyakemea Amosi yalifika Goma. Yalifika mwaka 2007, yakamkuta kijana wa miaka 26, Floribert Bwana Chui, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani. Alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Alitakiwa apokee pesa ili chakula kilichoharibika kiingie sokoni, wakakile maskini. Alikataa. Mwezi Julai mwaka huo alitekwa, akauawa.

Tarehe 2 Februari 2023, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbusha vijana wa nchi hii jina lake. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma. Tusimweke tu katika picha na medali. Tuelewe alichofanya. Meza yake ya kazi ndiyo ilikuwa mahali pa kumkubali au kumkataa Mungu, naye alimkubali bila kipaza sauti. Wale waliotaka kupitisha mchele mbovu, hatujui kama Dominika walikwenda kusali. Amosi angetuambia kwamba hilo lisitushughulishe sana.

Mlango haujafungwa

Vijana wapendwa, hatukuandika haya ili kuwatia hofu. Hofu tunayo ya kutosha. Manabii hawakutaja matunda machungu ili watu wakate tamaa. Hosea anamwonyesha Mungu ambaye moyo wake unageuka ndani yake, asiyeweza kumwacha Efraimu (Hos 11,8-9). Ezekieli anaapa kwa niaba ya Mungu kwamba kifo cha mwovu hakimfurahishi, anachotaka ni aghairi na kuishi (Ez 33,11). Yeremia, mji ukiwa umezingirwa na yeye mwenyewe akiwa kifungoni, alinunua shamba huko Anathothi kwa shekeli 17, kusudi watu wajue kwamba nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile (Yer 32). Na Yezu Kristu, alipouona mji uliokuwa ukimkataa, aliulilia (Lk 19,41).

Mungu aliyekataliwa ni Mungu anayelia. Anayehubiri hukumu bila machozi hajatumwa naye.

Turudi basi chemchemini, kila mmoja kwa njia iliyo mbele yake. Kitubio kinatungoja katika parokia zetu, wala hakiuzwi. Neno la Mungu linasomwa katika jumuiya zetu za msingi. Twende tukalisikilize hata siku linapotuchoma, hasa siku hiyo. Katika mkutano ujao wa kikundi, someni pamoja sura ya 8 ya Amosi, kisha kila mmoja ajibu mbele ya Mungu: ni kipimo gani ninachokipunguza? Ni nani ninayemuuzia makapi? Na yule ndugu aliyehama kwa vita, aliyepanga chumba karibu na kanisa letu, nimekwisha kumtembelea, au nilimhesabu miongoni mwa waliopigwa na Mungu?

Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, utuombee.